Wageni Wanaorejea Mida Mwishoni mwa Kusi

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa nchi kavu na bahari, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Mwezi wa Agosti unapokaribia kwisha, upepo wa kusi huanza kulegea katika pwani yetu. Mvua za masika zimekwishapita, msitu ungali mbichi, na wavuvi wanaanza kuitazama bahari kwa matumaini. Wakati uo huo, huko kaskazini ya dunia, msimu wa joto unamalizika. Mchana unafupika, baridi inanyemelea, na wadudu waliokuwa wamejaa katika mabonde ya Siberia wanatoweka. Mambo haya mawili yanatokea mbali sana, lakini yanakutana hapa kwetu, katika matope ya Mida, kwa kuwa ndege walioikimbia baridi hiyo ndiko wanakotua.

Tumeona ni vyema katika toleo hili tuwazungumzie wageni hao, na pamoja nao vipepeo ambao msimu huu huwa wengi, kwani watoto wengi wako nyumbani kwa likizo na wazazi wanatafuta la kuwafunza. Dini yetu imetilia mkazo mkubwa haki ya mgeni. Mgeni huyu hatudai chakula chetu wala malazi yetu. Haki yake kwetu ni moja tu: kuachwa ale kwa amani pale Mola wake alipomwekea riziki. Haki hiyo, kwa masikitiko, ndiyo tunayoipunguza mwaka hadi mwaka.

Mida ni mahali gani

Kwa asiyepafahamu, Hori ya Mida iko katika Kaunti ya Kilifi, baina ya Watamu na barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Malindi. Ni mkono wa bahari ulioingia nchi kavu kwa mlango mwembamba kisha ukatanuka, na eneo lake lote ni takriban kilomita za mraba 32. Ni sehemu ya hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyotengwa mwaka 1968 na sasa inasimamiwa na Shirika la Wanyamapori la Kenya. Kandokando yake wanaishi watu wa Dabaso, Mida na Uyombo, na ndani yake kuna kisiwa cha Kirepwe. Si mbali sana yapo magofu ya Gede, mji wa Waislamu wa kale, ambao msikiti wake mkuu bado unaonyesha kibla chake. Upande wa bara umekaa msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi.

Hori imezungukwa na miti ya mikoko, na wazee wetu waliijua kwa majina yake. Uko mkoko wenyewe, wenye mizizi iliyosimama kama miguu ya buibui. Uko mchu, unaostahimili chumvi nyingi na kuwapa nyuki maua. Uko mkandaa, uko muia, uko mkomafi, na uko mlilana, unaotangulia mbele kabisa penye maji. Kutokana na miti hii zilipatikana fito na boriti zilizojenga nyumba za Lamu, Mombasa na Unguja, na zilizopakiwa majahazini kupelekwa Arabuni.

Jani la mkoko likianguka halipotei. Kaa hulivuta shimoni mwake, huko likaoza, na uozo huo ukawa chakula cha minyoo, konokono na kamba wadogo wasiohesabika. Siku za bamvua, tofauti ya kina baina ya maji kujaa na kupwa katika pwani yetu hufikia karibu mita 4. Maji yanapotoka, uwanja mkubwa wa matope hubaki wazi. Mpita njia huona uchafu na harufu. Kwa ndege aliyesafiri maelfu ya kilomita, hapo ndipo palipotandikwa jamvi la karamu.

Kila mdomo na fungu lake

Wenyeji wa pwani huwajumlisha ndege wadogo wa matopeni kwa jina la vitwitwi. Anayewatazama kwa haraka ataona wote ni mamoja: rangi ya udongo, miguu myembamba, mbio za hapa na pale. Akitulia ataona kwamba midomo yao haifanani. Wenye mdomo mfupi hukimbia, husimama, kisha huokota kilicho juu ya tope. Wenye mdomo wa wastani huuchoma ndani mara kwa mara kama anayeshona kwa sindano. Sululu, ambaye mdomo wake mrefu umepinda kwa chini na aliyeshirikiana jina na chombo cha kuchimbia, huutia mdomo katika shimo la kaa akamtoa mwenyewe ndani. Hivyo wanakula kwenye uwanja mmoja bila ya mmoja kumnyang'anya mwenzake fungu lake. Anayeuliza riziki inagawanywa vipi na aende akatazame hapo kwa saa moja.

Miongoni mwa vitwitwi hao yuko mmoja mwenye mdomo uliojikunja kidogo, ambaye uzito wake ni gramu 60 hivi, yaani mwepesi kuliko mfuko mdogo wa chumvi. Huzaliana Siberia, kwenye ukingo wa bahari ya barafu, mwezi wa Juni na Julai. Wanaofika Mida mwezi wa Agosti ni wakubwa, na baadhi yao bado wana wekundu wa matofali kifuani, rangi yao ya msimu wa kuzaa. Kwanza huondoka madume, kisha wakafuata majike. Vifaranga hubaki nyuma mpaka mabawa yao yapate nguvu, ndipo wakaondoka wenyewe. Hakuna baba wala mama anayewatangulia. Hawajawahi kuiona Afrika, wala hawakupata kufunzwa njia, na bado mnamo Septemba na Oktoba wanaanza kuonekana katika matope yetu.

Tusidhani kuwa hilo ni jambo dogo. Mwezi wa Oktoba mwaka 2022, ndege mmoja wa matopeni wa jamii iliyo karibu na sululu, mwenye umri wa miezi 5 tu, aliwekewa chombo cha kufuatilia safari yake. Aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, kilomita 13,560, kwa siku 11, bila ya kutua mahali popote kula, kunywa wala kupumzika. Wataalamu wanaeleza jinsi ndege wanavyotumia jua, nyota na mvuto wa sumaku ya ardhi, na maelezo yao ni ya kweli kwa kadiri yalivyofika. Sisi tuliosoma katika Surat an-Nahl habari za nyuki na ilhamu aliyopewa na Mola wake hatuoni mgongano wowote. Mwenye kutengeneza dira ndiye aliyeitia kifuani mwa kifaranga.

Mzazi na mwanawe wa pekee

Mgeni wa pili ni mkubwa zaidi, na tabia yake ni kinyume na ya huyo wa kwanza. Ni ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya rangi ya buluu iliyofifia, na mdomo mnene mweusi mithili ya kisu. Kwa kuwa chakula chake kikuu ni kaa, tutamwita kitwitwi mla kaa. Huyu hatoki Siberia. Huzaliana katika visiwa na fukwe za Ghuba, Omani, Bahari ya Shamu na Somalia. Ndugu zetu wenye jamaa Muskat wataona ajabu kwamba njia yake ni ile ile ya majahazi ya mababu. Jahazi, hata hivyo, lilingoja upepo wa kaskazini ndipo litweke tanga kuja kwetu. Ndege huyu hangoji. Mwezi wa Agosti kusi ingali ikivuma, naye amekwishafika.

Dunia nzima wapo makumi ya maelfu tu ya ndege hawa, na Mida ni mojawapo ya mahali pachache ambapo mtu anaweza kuwaona kundi zima wamesimama pamoja. Hutaga tofauti na ndege wengine wote wa matopeni: huchimba handaki mchangani, refu kupita mita moja, na kuweka ndani yai moja jeupe. Joto la mchanga huwasaidia kuliatamia. Yai ni moja, kwa hiyo na mtoto ni mmoja.

Mtoto huyo haachwi kusafiri peke yake. Huja na wazazi wake mpaka huku, na hata baada ya kufika huendelea kulishwa kwa muda mrefu. Anayekwenda Mida msimu huu na akatazama vizuri atamwona: rangi yake ni ya kijivu mahali ambapo wazazi wake ni weusi, anamfuata mkubwa hatua kwa hatua, ameinamisha kichwa na kulia akiomba. Mzazi hukamata kaa, humkung'uta miguu, akampa. Kumkamata kaa aliyejificha tundumoni na kumla bila ya kuumwa ni kazi inayotaka ujuzi, na ujuzi haupatikani kwa siku moja. Basi mzazi hustahimili.

Kwa hiyo katika uwanja mmoja wa matope tunaona malezi ya namna mbili. Mmoja amepewa mwana anayejua njia kabla ya kuiona. Mwingine amepewa mwana wa kumlea ugenini mpaka akomae. Kina mama wanaosoma ukurasa huu wanajua kwamba hata katika nyumba moja watoto hawawi sawa: mmoja huambiwa mara moja akafahamu, na mwengine hutaka kushikwa mkono kwa miaka. Surat al-An'am inatufunza kwamba wanyama na ndege ni umma mfano wetu sisi. Wanaostahili kuitwa umma wana familia zao, mashaka yao na vilio vyao. Jiwe moja likimpata mzazi wa kitwitwi mla kaa, mtoto wa pekee aliyebaki hana wa kumlisha.

Manati katika mkono wa mtoto

Wiki ya mwisho ya Agosti tuliwachukua wanafunzi wachache wa madrasa, wake kwa waume, pamoja na baadhi ya mama zao, tukaenda kutazama. Mida kuna njia ya mbao na kamba iliyoning'inizwa juu ya mikoko, na mwisho wake pana kibanda cha kujifichia watazamaji. Fedha za kiingilio husaidia karo za shule ya sekondari kwa watoto wa vijiji vya jirani, kwa mpango unaoendeshwa na shirika la A Rocha Kenya. Shirika hilo ni la wenzetu Wakristo, kituo chao kiko Watamu, na kwa miaka mingi wamekuwa wakiwahesabu ndege hawa na kuwavisha pete miguuni ili safari zao zijulikane. Wema wa jirani hutajwa.

Tulipofika, maji yalikuwa yanaanza kujaa. Kadiri yalivyopanda, ndege walisogezwa karibu nasi, wakawa mbele yetu mamia kwa mamia. Mtoto mmoja wa kiume akaingiza mkono mfukoni akatoa manati. Hakuwa mtoto mbaya, na wala hakuificha. Aliuliza tu kwa ukweli wa moyo wake: "Maalim, ndege si halali?"

Swali lilikuwa la haki, nasi tulimjibu kwa elimu na si kwa kofi. Tulimwambia kwamba Sharia imehalalisha kuwinda kwa mwenye haja ya chakula, kwa masharti yanayojulikana. Kuua kwa mchezo ni jambo jingine. Katika Sahihi za Bukhari na Muslim imepokewa kwamba Ibn Umar (R.A.) aliwapitia vijana waliomfunga ndege wakimlenga mishale. Walipomwona wakatawanyika. Akawaeleza kuwa Mtume (S.A.W.) amemlaani mwenye kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Kisha tukamsimulia kisa alichokipokea Abu Daud, cha masahaba waliokuwa safarini wakachukua makinda mawili ya ndege, na mama yao akawa anapapatika juu yao. Mtume (S.A.W.) aliporejea na kuiona hali hiyo, aliuliza ni nani aliyemtia uchungu kwa wanawe, na akaamuru warudishwe.

Mtoto aliyatazama matope, akamwona yule wa kijivu akimfuata mamaye. Manati ilirudi mfukoni. Lau tungemkaripia bila ya kumwonyesha, ingerudi mkononi kesho yake.

Vipepeo wa uani

Si kila familia ina nauli ya kwenda Mida. Lakini ibra nyingine iko uani kwenu, kwenye mdimu au mlimau. Msimu huu, baada ya masika, tazameni majani machanga. Mtaona vitu vidogo vya rangi ya kahawia na nyeupe ambavyo mtadhani ni mavi ya ndege. Ni viwavi. Wamevikwa sura hiyo ili ndege awapuuze. Wakikua hugeuka kijani kama majani, na ukimgusa mmoja hutoa pembe mbili laini za rangi ya machungwa nyuma ya kichwa, zenye harufu kali ya kumfukuza adui. Baadaye hujifunga kwenye kijiti, hukauka kama jani, na kukaa kimya kwa wiki mbili au zaidi. Hali hiyo ndiyo iitwayo pupa. Kisha ganda hupasuka, akatoka kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, ambaye wanasayansi wamempa jina la Papilio demodocus.

Mama aliyezoea kuwaponda viwavi hao kwa sandali hatumlaumu, kwani wanakula majani ya mti wake. Lakini mdimu uliokomaa hustahimili viwavi wachache. Tunamwomba aache wawili watatu, awaonyeshe watoto kila asubuhi baada ya chuo, nao waandike katika daftari kila wanachokiona. Hakuna kitabu cha kununuliwa kitakachowafunza subira na kugeuka kwa hali kama tawi hilo moja. Mtoto aliyekiona kitu kikilala kama mfu kisha kikafufuka na mabawa, habari za ufufuo haziwi ngeni masikioni mwake.

Vipepeo hawa pia ni riziki ya watu. Hapo Gede, kando ya magofu, kuna mradi uitwao Kipepeo, ulioanza mwaka 1993. Wakulima wanaoishi kandokando ya Arabuko-Sokoke, wakiwamo wanawake wengi, hufuga viwavi kwa majani ya miti ya msituni, kisha pupa hufungwa kwa uangalifu katika masanduku na kusafirishwa kwa ndege kwenda Ulaya na Marekani, kwenye nyumba za maonyesho. Hapana budi wafike kabla mabawa hayajatoka. Msitu ukikatwa, majani ya kuwalisha hayapatikani, na biashara hufa. Kwa hiyo mwanamke aliyekuwa akiuona msitu kama kuni tu sasa ana sababu ya kuulinda.

Tena wapo vipepeo wasafiri. Yuko mmoja wa rangi ya machungwa mwenye ncha nyeusi na madoa meupe, aitwaye Vanessa cardui, anayepatikana Afrika, Asia na Ulaya. Kila mwaka huonekana akiingia Ulaya kwa wingi kutoka kusini, na zamani watu wa huko walidhani kwamba msimu wa joto ukimalizika wote hufa kwa baridi. Mwaka 2012 watafiti walichapisha matokeo yaliyotegemea pia rada za Uingereza, yakaonyesha kuwa hurejea kusini, wakiruka juu sana mahali ambapo jicho la mtu haliwafikii. Safari nzima ya kwenda na kurudi haikamilishwi na kipepeo mmoja, bali na vizazi kadhaa vinavyopokezana. Anayeondoka siye atakayerejea. Kila kizazi hufanya sehemu yake na kukiachia kinachofuata.

Surat al-Qari'a imewataja watu wa Siku ya Kiyama kwa mfano wa vipepeo waliotawanyika. Mfano huo ni wa udhaifu wetu siku hiyo. Basi aliye dhaifu kesho asimdhulumu aliye dhaifu leo.

Haki ya mgeni

Tumesema mwanzo kuwa haki ya wageni hawa inapungua, na sasa tueleze. Mwezi wa Oktoba mwaka 2024, orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini ilimpandisha yule kitwitwi mdogo wa Siberia kwenye daraja la hatari zaidi kuliko aliyokuwa nayo. Sababu nyingi ziko mbali nasi, katika fukwe zilizofukiwa na viwanda na bandari, na hatuna mkono nazo. Lakini safari ya ndege ni kama mnyororo. Pete moja ikikatika, zilizobaki hazifai kitu. Pete ya Mida imo mikononi mwetu.

Mikoko ikikatwa kupita kiasi, majani hayaanguki, matope hupungukiwa chakula. Kinachomwondokea ndege humwondokea na kamba anayekuzwa katika maji hayo, na kaa anayeuzwa Dabaso, na samaki anayefika sokoni. Jambo hili huishia jikoni kwako, ewe mama. Hatusemi kwamba mwenye nyumba ya udongo inayodondoka asitafute fito. Haja ni haja, na watu wa Mida si matajiri. Tunasema tu kwamba wazee walikata mti mkubwa wakaacha mchanga, walikata huku wakaacha kule, na hawakuua mlilana wa mbele unaozuia mawimbi. Leo baadhi yetu hukata yote kwa siku moja kumuuzia mtu asiyeijua hata hori yenyewe. Huo si ufukara, ni israfu, na israfu ni haramu hata kwa anayetia udhu ukingoni mwa mto.

Kuna na madhara madogo tusiyoyahesabu. Mbwa wanaoachwa wakimbize makundi ya ndege, vijana wanaokimbia matopeni ili warushe ndege wapige picha, chupa na mifuko inayotupwa. Kila mara ndege anapolazimika kuruka bila ya sababu hutumia mafuta aliyoyakusanya kwa taabu. Ifikapo Aprili atatakiwa kurejea Siberia, na kabla ya kuondoka baadhi yao huongeza zaidi ya nusu ya uzito wao wa kawaida ili waifikie safari. Asiyeshiba hafiki.

Kwa familia inayotaka kwenda, tunashauri haya. Angalieni kalenda ya Hijria kabla ya kupanga. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku hizo maji hujaa mnamo saa kumi alasiri. Fikeni saa nane na nusu, muone ndege wakisogezwa na maji, kisha muswali Alasiri. Vaeni nguo zisizong'ara, semeni kwa sauti ya chini, kaeni mahali pamoja. Mpeni kila mtoto ndege mmoja wa kumtazama na si wote, ajue anakula nini na namna gani. Rudini na kila mlichokwenda nacho, hata kipande cha karatasi. Na wenye bustani ya miti michache ya mikoko mbele ya nyumba zao, wapande kila mwaka angalau michache kwa nia ya sadaka, kwani amefundisha Mtume (S.A.W.) kwamba anapokula mtu, mnyama au ndege katika alichokipanda Muislamu, huandikiwa sadaka mpandaji.

Hizo ndizo haki chache tunazoweza kuzitekeleza kabla ya wageni kuondoka tena mwezi wa Aprili. Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenyeji wema katika ardhi aliyotupa kwa amana, awalinde watoto wetu na ugumu wa moyo, na awabarikie mama zetu wanaowalea. Amin.